Kirusi cha polio: ugumu unaosubiri kufyatuka

Virusi vya UKIMWI, vya mafua na vya UVIKO-19 vimefunikwa na utando wa mafuta, ambao viliondoka nao kwenye seli vilikozaliwa. Utando huo huvirahisishia kuingia katika seli nyingine: mafuta hukutana na mafuta, tando mbili zinakuwa moja, na kilichokuwa ndani ya kirusi kinamwagika ndani ya seli. Utando huohuo ndio unaoviponza, maana sabuni huuyeyusha. Kirusi cha polio hakina utando. Kina ganda la protini lenye upana wa nanomita 30 hivi, na ndani yake umekunjwa uzi mmoja wa RNA wenye herufi za kijenetiki zipatazo 7,500. Protini haiungani na mafuta ikawa kitu kimoja nayo, kwa hiyo kirusi hiki kina tatizo ambalo kile cha mafua hakinalo: kitauvushaje uzi mrefu wa RNA kwenye utando wa seli, ikiwa chenyewe hakina utando wa kuunganisha? Ninavyousoma ushahidi, jibu halimo katika silaha ya ziada iliyobandikwa juu ya ganda. Limo katika jinsi ganda lenyewe lilivyojengwa. Ni gumu, lakini ugumu wake ni wa muda, na kule kubadilika umbo kwake ndiko kunakoitoboa seli.

Mwaka 1985 James Hogle na wenzake nchini Marekani walichapisha ramani ya ganda hilo iliyopatikana kwa kupitisha eksirei katika fuwele za kirusi. Ramani ilionyesha protini nne, VP1 hadi VP4, kila moja ikiwa na nakala 60. Tatu za kwanza ndizo zinazounda uso wa nje. VP4 yote imejificha upande wa ndani, imeshikamana na asidi ya mafuta, na ncha moja ya VP1 nayo imelala ndani. Mpangilio huo unataka maelezo: kwa nini ganda linalosafiri majini libebe vipande vinavyopenda mafuta, tena liwe limevifungia ndani? Sababu hujitokeza kirusi kinapokutana na kipokezi chake, protini iitwayo CD155 iliyo juu ya seli za binadamu. Kipokezi huzama katika bonde lililo juu ya ganda, na kwa joto la mwili ganda zima hutanuka kidogo. VP4 inatoka, ncha ya VP1 inafuata, na vipande hivyo vinajichomeka katika utando wa seli. RNA hupitia hapo. Huu ni mtego uliotegwa tangu kirusi kilipoundwa: nguvu ya kufyatuka imo tayari, na kazi ya kipokezi ni kuugusa tu.

Ushahidi ninaouona kuwa na uzito zaidi ni wa joto. Ukikipasha moto kirusi cha polio bila kipokezi chochote, ganda lake hupitia mabadiliko yanayofanana sana na yale ya kwenye seli, na mwisho RNA hutoka. Ganda lililokwisha kubadilika halitambuliwi tena na kingamwili zinazomlinda mtu dhidi ya kirusi kizima, wala haliamshi kinga ya maana likitumiwa kama chanjo. Hapa ndipo biolojia ya atomu inapokutana na kazi ya mhudumu wa afya. Matone ya polio ni miongoni mwa chanjo zinazoharibiwa upesi zaidi na joto. Tangu mwaka 1996 vichupa vyake vimebandikwa alama yenye mraba ndani ya duara, ambayo mraba wake hukoza rangi kadiri joto linavyolimbikizana, na ukifikia rangi ya duara kichupa hutupwa. Mnyororo baridi, wenye majokofu yake na masanduku ya barafu yanayobebwa hadi vijijini, ni gharama tunayolipa kwa sababu ganda hili limeumbwa liweze kufyatuka.

Msomaji makini atauliza: kama ganda halijatulia kiasi hicho, linawezaje kuvuka asidi ya tumbo na kudumu majini? Pingamizi hili ni la haki, ila linachanganya mambo mawili. Kitu chaweza kuwa na nguvu nyingi ya kubadilika na bado kikadumu muda mrefu, mradi kizuizi cha kuyaanzisha mabadiliko hayo kiwe kirefu. Kipokezi hukishusha kizuizi hicho, asidi haikishushi. Ndani ya VP1 kuna kishimo kinachokaliwa na molekuli ndogo ya mafuta inayolikaza ganda, na zipo dawa za majaribio zinazokaa mahali hapohapo na kulikaza zaidi, hata kirusi kikashindwa kufunguka. Watafiti wamepata hata virusi vya polio vilivyobadilika vikawa vinaihitaji dawa ya namna hiyo: ikikosekana, ganda linafyatuka kabla halijaifikia seli. Na mwaka 1994 ilionyeshwa kwamba katika nyuzi 37, hata kabla ya kukutana na kipokezi, sehemu za VP4 na VP1 huchungulia nje na kurudi ndani. Ganda, basi, halijalala.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Chembe nyingi za polio hazifanikiwi kuambukiza, hivyo tunayoyaona tunapozipima mamilioni kwa pamoja yaweza kuwa ni mwenendo wa zile zilizoshindwa. Vipimo vya namna hiyo peke yake visingenitosha. Lakini badiliko dogo katika VP4 huweza kukiacha kirusi kikishika kipokezi na kubadilika umbo, kisha kikakwama papo hapo bila kufikisha RNA ndani. Hilo linaonyesha kwamba VP4 inahitajika katika uvukaji wenyewe. Mwaka 2007 chembe mojamoja zilifuatiliwa kwa hadubini katika seli hai, na RNA ikaonekana ikiachiliwa karibu sana na uso wa seli.

Si kila ganda hufyatuliwa na kitu kilekile. Kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo, unaowatia hasara wafugaji wa Afrika Mashariki, ni cha ukoo mmoja na kile cha polio, lakini ganda lake huachana vipande kwenye asidi hafifu tu, ile inayokutana nayo ndani ya vifuko vya seli. Udhaifu huo unaiandama chanjo pia, kwa kuwa vipande vilivyoachana humkinga ng'ombe kidogo sana kuliko chembe nzima, na aina ya SAT2 inayopatikana Afrika inajulikana kwa kuachana upesi. Mwaka 2013 wanasayansi wa Uingereza walitangaza ganda tupu la kirusi hicho, lisilo na RNA, ambalo vipande vyake walivifunga kwa kubadilisha kiungo kimoja cha protini, na likawakinga ng'ombe. Waliweza kulikaza kwa sababu halitakiwi kuingia katika seli yoyote. Matone ya polio hayawezi kukazwa vivyo hivyo: yana kirusi hai, nacho ni lazima kifunguke ndani ya utumbo wa mtoto ndipo kinga ipatikane.