Siafu au si siafu? Wajue kwa viungo vyao kabla hujawasha kibiriti

Masika yanapoingia katika Bonde la Kilombero, familia nyingi za Ifakara na vijiji vya jirani huhamia mashambani kuhudumia mpunga. Huko, katika kibanda cha nyasi, kuna usiku ambao kuku huanza kupiga kelele bandani, mbuzi huvutana na kamba yake, na mtoto mchanga hulia kilio ambacho mama anakijua kuwa si cha njaa. Taa ikiwashwa, sakafu nzima inatembea. Baba hushika chupa ya mafuta ya taa kwa mkono mmoja na kibiriti kwa mkono wa pili.

Ndugu msomaji, hapo ndipo pa kusimama na kufikiri. Moto ndani ya nyumba ya nyasi yenye watoto ni hatari kubwa kuliko mdudu yeyote. Na huenda mdudu mwenyewe si siafu. Wapo chungu wengine wanaotembea kwa safu, na kila mmoja ana tabia yake na dawa yake. Njia ya uhakika ya kuwatofautisha ni kutazama maumbile ya mwili wa mfanyakazi mmojammoja, si wingi wao wala rangi yao.

Watu wa Ifakara hawahitaji kufundishwa thamani ya jambo hili. Mji wao umekuwa kituo cha utafiti wa maradhi tangu maabara ya kwanza ilipofunguliwa mwaka 1957, na watoto wa shule hapo wanajua kwamba si kila mbu huleta malaria: anofelesi hutambulika kwa kutua huku akiinua sehemu ya nyuma ya mwili. Ikiwa mbu hutambulika kwa mkao wake, siafu naye hutambulika kwa viungo vyake.

Alama tano za siafu

Chukua siafu mmoja aliyekwisha kufa, mweke juu ya karatasi nyeupe, na umtazame kwa kioo cha kukuzia.

Alama ya kwanza ni macho. Siafu mfanyakazi hana macho kabisa, hata alama ya jicho haipo. Kundi la siafu wa juu ya ardhi lilipewa na wataalamu jina la Anomma, neno la Kigiriki lenye maana ya asiye na macho. Jeshi lote hilo huongozwa na harufu na mguso.

Alama ya pili ni kiuno. Baina ya kifua na tumbo, siafu ana kifundo kimoja tu. Wapo jamaa zake wadogo, wanaoitwa Aenictus kwa jina la kitaalamu, ambao nao ni vipofu na hutembea kwa misafara, lakini wana vifundo viwili, na wafanyakazi wao wote wanakaribiana kwa ukubwa. Hao huvamia zaidi viota vya chungu wenzao na hawana shida na binadamu.

Alama ya tatu ni tofauti ya ukubwa. Katika safu moja ya siafu wamo wadogo wa milimita 3 hivi na wakubwa wanaozidi milimita 10, na kati yao wamo wa kila kimo. Wakubwa wana vichwa vipana na taya ndefu zilizopinda kama mundu. Hao ndio wanaosimama kandokando ya njia, taya wazi, wenzao wakipita katikati. Akikuuma, ukimvuta mwili hukatika, kichwa kikabaki kimeng'ang'ania ngozi.

Alama ya nne ni vipapasio. Kwa siafu wakubwa wa juu ya ardhi, kila kipapasio kina vipande 11. Kwa baadhi ya jamaa zao wanaoishi chini ya udongo, hesabu hiyo hushuka hadi 9.

Alama ya tano iko mwisho wa tumbo. Pingili ya mwisho kwa juu imebonyea kama kibamba, na pembezoni mwake mna vijimwiba. Chungu wa kawaida wa nyumbani hana umbo hilo.

Miguu nayo ina habari yake. Watafiti waliolinganisha siafu wa aina mbalimbali walionyesha, katika makala iliyochapishwa mwaka 2005, kwamba wale wanaowinda juu ya ardhi wana miguu mirefu zaidi kwa kadiri ya miili yao kuliko wale wanaowinda ndani ya udongo. Anayepita katika mashimo membamba miguu mirefu humzuia. Anayekimbia juu ya majani na kubeba mawindo humfaa. Hivyo kwa kutazama mguu, mtaalamu hukisia mahali mdudu alipotafuta riziki yake.

Mtego wa kumhukumu mmoja

Hapa ndipo hata wataalamu walipokosea. Mfanyakazi mdogo na mkubwa wa kiota kimoja hutofautiana sana, hata asiyejua akidhani ni aina mbili. Mdogo huweza kuwa na vipande vichache vya vipapasio, na kichwa chake hakina upana wa kile cha askari. Kwa hiyo anayetaka kuainisha siafu huchukua wafanyakazi wa kila ukubwa kutoka safu moja, na hatoi hukumu kwa kumwona mmoja.

Kosa kubwa zaidi lilihusu madume. Wasomaji wa Kilombero wanamfahamu yule mdudu mnene wa hudhurungi, mwenye mabawa na tumbo refu kama soseji, anayekuja usiku wa mvua akagonga taa na kuanguka mezani. Watoto humkimbia wakidhani ni nyigu mkubwa. Huyo ni dume la siafu. Ana macho makubwa, ana mabawa, na hana mwiba wa kuchomea. Mwaka 1764 Linnaeus, mwanachuoni wa Sweden, alimweka dume wa namna hiyo katika kundi la nyigu. Mwaka 1793 Fabricius wa Denmark akampa jina la Dorylus. Mwaka 1840 Mwingereza Shuckard alipowaeleza wafanyakazi vipofu, aliwapa jina lao la Anomma, kana kwamba ni viumbe wengine. Baadaye ikabainika kuwa ni ukoo mmoja: dume arukaye na jeshi litambaalo ni watoto wa mama mmoja. Mama huyo, malkia, hana macho wala mabawa, hufikia urefu wa sentimita 5, na inakadiriwa kuwa kwa mwezi mmoja huweza kutaga mayai milioni 3 hadi 4.

Wanaodhaniwa kuwa siafu

Wa kwanza ni sungusungu, chungu mkubwa mweusi, aliyetoa jina lake kwa walinzi wa jadi wa vijijini. Naye hutembea kwa safu iliyonyooka, na kiuno chake kina kifundo kimoja kama cha siafu. Lakini tazama kichwani: ana macho. Ukimsumbua hutoa sauti ya kukwaruza, na huchoma kwa mwiba wa nyuma. Safari yake ni ya kuvamia mchwa, na hurudi akiwa amewabeba tayani. Anayewamwagia mafuta ya taa sungusungu waliopita uani amewaua maadui wa mchwa wanaokula nguzo za nyumba yake.

Wa pili ni maji moto, chungu mwekundu wa miembe na michungwa, anayeshona majani kuwa kiota. Macho yake ni makubwa na dhahiri. Huuma kweli, lakini haondoki mtini kuja kuvamia kitanda. Zanzibar, tangu miaka ya 1950, wataalamu walionyesha kuwa huilinda minazi dhidi ya kunguni anayeharibu nazi changa.

Wa tatu ni chungu wabebao mbegu na punje. Wana macho, na kiuno chao kina vifundo viwili. Hao huchukua nafaka tu, na dawa yao ni kufunika chakula.

Ukithibitisha kuwa ni siafu

Mtoto mchanga, mgonjwa na mzee asiyeweza kujiondoa wawe wa kwanza kutolewa. Kisha fungua banda la kuku na ukate kamba ya mbuzi, kwa sababu anayeuawa na siafu ni yule asiyeweza kukimbia. Halafu ondokeni mwache wapite. Siafu hawaji kukaa chumbani. Huwinda na kuendelea na safari. Mara nyingi mwenye nyumba hurudi akakuta mende na wadudu wengine wa kuta wamekwisha. Wazee humwaga majivu kuzunguka kitanda na mlango, na kinga hiyo haihatarishi paa. Jua kali siafu hawalivumilii, ndiyo maana hutembea usiku, kivulini, au chini ya vijukuta vya udongo wanavyovijenga juu ya njia yao.

Sisi Waislamu tuna sababu nyingine ya kutokimbilia moto. Qur'ani Tukufu ina sura inayoitwa kwa jina la chungu, An-Naml, na ndani yake chungu anawaonya wenzake waingie maskanini mwao jeshi la Nabii Suleiman (A.S.) lisije likawaponda bila kujua. Katika hadithi iliyopokewa na Ibn Abbas (R.A.), Mtume (S.A.W.) alikataza kuua wanyama wanne, na chungu ni mmoja wao. Ipo pia habari ya Nabii aliyeumwa na chungu mmoja, akateketeza kijiji chao kizima, akalaumiwa na Mola wake. Wanachuoni wameeleza kwamba mdudu anayedhuru huzuiwa kwa kadiri ya madhara yake, na mwenye suala amwendee shekhe wake. Lakini ili kuzuia kwa kadiri, sharti kwanza umjue anayedhuru na umtenge na asiyedhuru.

Basi wazazi, safu ikipita uani asubuhi, waiteni watoto na mkae mbali kidogo. Waulizeni: Wana macho? Kiuno kina vifundo vingapi? Wanalingana kwa ukubwa? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo mchana ndiye atakayemwambia baba yake usiku aweke kibiriti chini.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.