Kwa nini Rashidi hatutoki moyoni

Muulize mtu, awe wa Mbweni au wa Darajani, ni shujaa gani wa vitabuni anayempenda kuliko wote. Usishangae akimwacha mfalme na jemadari, akakutajia mchukuzi wa mizigo: Rashidi wa riwaya ya Kuli, aliyoiandika Shafi Adam Shafi ikachapishwa mwaka 1979.

Mchukuzi huyu ana nini? Kwanza, haanzi akiwa shujaa. Baba yake, Majaliwa, alikuwa kuli na akafia kazini. Mwana naye anaingia kazi ile ile kwa shida ya nyumbani. Macho yanamfunguka polepole, kwa msaada wa wenzake kama Faraji, na msomaji anafunguka naye.

Pili, jambo lake lilitokea. Mwaka 1948 makuli wa Unguja waligoma kweli, na mgomo ukaenea mjini. Tunaijua bandari ya Malindi, tunawajua waliobeba magunia.

Tatu, hatendi peke yake. Shujaa asiyemhitaji mtu tunamstaajabia tu, kisha tunafunga kitabu. Anayewahitaji wenzake anatuachia nafasi ya kusimama kando yake.

Ndiyo maana khasa si jambo dogo kijana achague shujaa gani. Anayeamini kuwa ushujaa mtu huzaliwa nao, atakaa barazani akingoja shujaa aje. Aliyemsoma Rashidi anajua kuwa ushujaa hufunzwa, na mwalimu huenda akawa jirani yake.