Mathenge Uani: Usikate, Ng'oa

Leo tunazungumzia mathenge, hasa ule uliomea karibu na nyumba yako.

Asili ya mti huu ni Amerika. Katika miaka ya 1980 ulipandwa Baringo ili uzuie jangwa na kutupatia kuni. Ulienea kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2006 wakazi walipeleka mbuzi asiye na meno mahakamani Nairobi, waonyeshe jinsi matunda yake matamu yanavyoharibu mifugo.

Kwa binadamu, hatari kubwa ni miiba. Ni mirefu na migumu, nayo hupenya kandambili. Mtoto anayecheza uani ndiye huumia kwanza.

Wengi wetu huchukua panga na kukata shina juu ya ardhi. Kisiki huchipuza, na badala ya mti mmoja unapata kichaka kizima. Basi ufanyeje?

Kwanza, ng'oa miche ingali midogo, baada ya mvua, udongo ukiwa laini.

Pili, kwa mti mkubwa, chimba kuzunguka shina, ukate mzizi kama sentimita 30 chini ya ardhi. Machipukizi hutoka sehemu ya juu ya mzizi, kwa hivyo iondoe yote.

Tatu, okota matunda kabla ya mbuzi kuyala. Mbegu hupita tumboni zikiwa hai, kisha huota penye samadi.

Nne, panda nyasi mahali hapo, na ukague kila msimu wa mvua. Mbegu hukaa udongoni kwa miaka.

Unapofanya kazi hii vaa viatu vigumu, glavu na miwani. Matawi usiyatupe njiani wanakopita watoto.

Je, ukichomwa? Toa mwiba wote, osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Usipake udongo wala kinyesi cha ng'ombe. Nenda zahanati uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Pakivimba, huenda kipande kimebaki ndani. Mwiba ukiingia jichoni, usiuguse, kimbilia hospitali.

Mwisho, zungumza na jirani. Ukisafisha kwako naye asisafishe kwake, mbuzi watakurudishia mbegu mlangoni.