Wimbo wa Kushua Jahazi ni Zana

Fundi wa majahazi wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, au wa Matondoni kisiwani Lamu, kwa desturi huunda chombo bila ramani ya karatasi. Mkuku, yaani uti wa chombo, ukishalazwa, umbo lote hutoka kwenye jicho lake na tezo. Mataruma, yaani mbavu za chombo, hutafutwa kwenye matawi yaliyojipinda yenyewe mtini. Mashimo ya misumari hutobolewa kwa keekee inayozungushwa kwa uta, na nafasi kati ya mbao hutiwa kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta.

Kazi hizo ni za watu wachache. Kushua ni kazi ya kijiji. Chombo cha tani kadhaa lazima kivuke mchanga hadi majini, kwa hiyo husubiriwa bamvua, maji yanapojaa sana na masafa ya kuvuta kupungua. Kisha watu huitwa kushika kamba, na hapo ndipo wimbo unapoanza kazi.

Chombo kilichotulia juu ya magogo huhitaji nguvu nyingi kuanza kusogea kuliko kuendelea. Watu 40 wakivuta kila mmoja kwa wakati wake, hakitikisiki. Amri ya "vuta!" haitoshi, kwani kila mtu huitikia baada ya kuisikia, mwepesi mbele na mzito nyuma. Katika wimbo, wote wanajua mapema pigo litaangukia wapi. Mwimbishaji anapotoa ubeti, wavutaji hupumua, hujipanga na kushika kamba upya. Kiitikio ni kifupi, na mkazo wake ndio mvuto wenyewe.

Mwimbishaji hodari hutazama migongo ya watu. Akiona wamechoka, hurefusha ubeti kwa kumtania mwenye chombo, wakapata pumzi kidogo pamoja na kicheko. Maneno hubadilika kadiri ya hali. Pigo hubaki lile lile. "Harambee" nayo ilikuwa mwito wa watu wa kazi nzito kabla Jomo Kenyatta hajaifanya kaulimbiu ya taifa la Kenya mwaka 1963.

Trekta likifungwa kamba badala ya watu kuvuta, mwimbishaji hana la kufanya. Kwa hiyo anayetaka kuhifadhi nyimbo hizi asiridhike na sauti safi ya studio. Arekodi ufukweni, aonyeshe kamba zimefungwa wapi, nani anahamisha magogo, na mvuto unaangukia silabi ipi. Bila hayo atakuwa amehifadhi mashairi tu.