Kibao cha Mbuzi na Kompyuta

Ndugu yetu mmoja, mfanyakazi wa bandari ambaye tumekaa naye katika mikutano ya tawi kwa miaka mingi, alitujia hivi karibuni akiwa na lalamiko. Binti yake, aliyempeleka chuoni kwa taabu ili ajifunze kutengeneza filamu za vibonzo kwa kompyuta, haonekani akiigusa hiyo kompyuta. Mwaka wa pili umeingia, na kila usiku yu mezani na penseli, achora watu wasiokuwako, na sufuria, na vigoda, na makopo. "Kuchora hata darasa la tatu walichora, na wala sikulipa ada," alisema. Akatuomba tufike nyumbani tuseme na binti huyo, maadam sisi ni watu wa maandishi na huenda angetusikiliza.

Tulikwenda, na hatuna budi kukiri kwamba njia nzima tulikuwa upande wa baba.

Tulikuta ukuta umejaa karatasi. Walimu walikuwa wamewapa wanafunzi kazi ya kutunga filamu ya dakika moja, na binti huyu alichagua kisa cha mama wa pwani akunaye nazi huku paka akimnyemelea. Dakika moja ni jambo dogo kwa mtazamaji. Kwa mtengenezaji ni picha 1,440, maana kila sekunde hupita picha 24. Kabla ya picha hizo kuanza kuhesabiwa, mwanafunzi hudaiwa aonyeshe kwa michoro mama huyo ni nani, na kila chombo atakachokishika kikoje. Kompyuta haijapata kumwona mama wala nazi, nayo hufanya iliyoambiwa tu. Mchoro ukiwa na kosa, atakayelifinyanga umbo ndani ya mashine atalifinyanga kosa hilo kwa uaminifu, na atakayelitembeza atalitembeza, na siku litakapogunduliwa kazi ya wiki nyingi itakuwa imepotea. Fundi seremala aelewa jambo hili bila kufundishwa, kwani yeye hupima kabla ya kukata.

Binti alitueleza utaratibu wake. Kwanza husoma kisa, akakusanya picha za watu na vitu vya kweli. Kisha huchora vijipicha vidogo vidogo, ishirini au thelathini kwa ukurasa, bila macho wala vidole, apate kuona umbo lipi lina uhai. Vilivyo bora huvipaka weusi mtupu kama kivuli, na kama mtu hawezi kutambua katika weusi huo mhusika anafanya nini, mchoro hutupwa. Tulikumbuka hapo michoro ya marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972. Chui wake au ndege wake waweza kumtambua ukiwa ng'ambo ya barabara, kabla hujaona doa hata moja la rangi. Mchoro ukishapita mtihani huo wa kivuli, mhusika huchorwa mbele, ubavuni, nyuma na kwa upande wa mshazari, mistari ya mabega na magoti ikilingana katika picha zote. Hufuata karatasi ya nyuso: akicheka, akikasirika, akishangaa. Na vyombo navyo vina karatasi zao, zenye kuonyesha bawaba iko wapi, kinafunguka vipi, kimetengenezwa kwa nini, na mkono wa mhusika ukikishika kinaonekana kikubwa kiasi gani.

Sasa ndipo tufike kwenye kile kibao cha mbuzi.

Katika karatasi za kwanza binti alikuwa amekichora kwa kukumbuka tu. Mama amekaa wima, mgongo umenyooka kama wa karani wa benki, na mbele yake pametokeza chuma kirefu kilichochongoka. Bibi yake, mzee asiyejua kuwasha kompyuta, alipita na chai akasimama. "Mjukuu wangu, huyu anakuna nazi au anachinja?" Binti akaona haya. Bibi akaingia jikoni, akatoka na kibao chenyewe, akakikunjua, akakikalia, akatega bakuli chini ya kile chuma, akashika kifuu kwa mikono miwili. Ndipo ilipoonekana kwamba ncha ya chuma ni pana na ya mviringo, ina meno. Kwamba ni uzito wa mkaaji unaokishikilia kibao kisiruke. Kwamba magoti hupanda juu, mgongo huinama, na kazi hufanywa na mabega na viganja vinavyozungusha kifuu kidogo kidogo. Tena mbao zilikuwa zimelainika na kung'aa mahali pa kukalia, lakini pembeni zilikuwa bado na mikwaruzo.

Binti aliichana karatasi yake. Hakubadilisha chombo peke yake, alibadilisha na mama. Yule mwenye mgongo ulionyooka akatoweka, akazaliwa mwingine mwenye mabega mapana, shingo iliyotangulia mbele na viganja vikubwa kuliko kawaida. Hata kisa kilipata nafuu, kwa kuwa paka sasa alikuwa na pa kujificha, chini ya magoti yale. Sisi tuliotazama karatasi hizo mbili tuliona tofauti kama ya picha ya mtu na mtu mwenyewe.

Wanafunzi wengi hawana bahati ya bibi kupita na chai. Tumeonyeshwa kazi za vijana wenziwe zilizojaa mashujaa wenye mapanga na macho makubwa ya Kijapani, wakiishi katika nyumba zenye dohani. Hatuwacheki. Sisi wenyewe tuliosomeshwa na wamisionari tulichora nyumba zenye dohani kabla hatujaona dohani hata moja, na tukapewa alama nzuri. Lakini hao Wajapani wanaoigwa huchora bakuli lao la wali kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa wanalijua. Kijana wetu anayewaiga huyaacha hayo ya bakuli akachukua macho.

Mwaka 1986 kampuni ya Pixar ya Marekani, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kusimama yenyewe, ilitoa filamu ya dakika mbili hivi iitwayo Luxo Jr. Wahusika wake ni taa mbili za mezani, mzazi na mtoto. Mtengenezaji, John Lasseter, hakwenda mbali kutafuta wazo: aliitazama taa iliyokuwa juu ya meza yake ya kazi. Alipotaka kupata taa ya mtoto hakuipunguza yote kwa kipimo kimoja. Alifupisha mikono na kupunguza kofia, lakini balbu aliiacha ukubwa ule ule, kama kichwa cha mtoto kilivyo kikubwa kwa mwili wake. Taa hiyo haina jicho wala mdomo, na watu waliipenda.

Mfano mwingine wawahusu zaidi wafanyakazi. Mwaka 1934 mchoraji mmoja wa kampuni ya Disney, Art Babbitt, aliwaandikia wenzake maelezo marefu juu ya mhusika Goofy: namna anavyofikiri, jinsi mgongo wake unavyopinda upande usiofaa na tumbo likatokeza. Mhusika ambaye awali alikuwa wa kuchekesha tu akapata nafsi. Babbitt huyo huyo alikuja kuwa kiongozi wa chama cha wachoraji, na Mei 1941 akaachishwa kazi. Mamia ya wenzake wakagoma. Miongoni mwa malalamiko yao yalikuwa mishahara, na kwamba filamu zilikwenda dunia nzima bila majina ya wengi waliozichora. Mgomo uliendelea kwa wiki nyingi, na mwishowe kampuni ikatia sahihi mkataba na chama.

Twayataja haya kwa sababu binti wa ndugu yetu, akimaliza chuo, atakwenda kuuza michoro kama ile iliyo ukutani. Kazi hiyo sasa ipo hapa kwetu: Ubongo Kids, iliyoanza mwaka 2014, inatengenezwa Dar es Salaam, na Nairobi ndiko zilikotengenezwa Tinga Tinga Tales zilizoanza kuonyeshwa mwaka 2010. Tena zipo leo mashine zilizofundishwa kwa michoro ya watu wengi mno, na ambazo hutoa sura ya mhusika kwa dakika moja. Mwenye mali atamwuliza binti huyu kwa nini alipwe mshahara wa mwezi.

Tulimwambia aandike jina na tarehe katika kila karatasi, hata zile zilizochanwa, na asitie sahihi mkataba asiousoma. Baba yake aliongeza kwamba aulize mapema sura ya mhusika itakuwa ya nani filamu ikirudiwa, ikiuzwa nje au ikipigwa chapa katika madaftari na fulana. Yeye ni mtu wa bandari, na maswali ya namna hiyo ameyazoea. Ada ya muhula ujao amesema atailipa.

Lililobaki ni la viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Makuli wana chama, walimu wana chama. Waulizane vijana hawa watapokelewa wapi, na waulizane kabla ya mkataba wa kwanza kuletwa mezani.