Mashine ya espresso iliyotoka Matemwe: itoe chokaa kabla hujaipiga picha

Wauzaji wenzetu mnaozunguka nyumba za wageni za Matemwe, kuanzia Kigomani mpaka Muyuni, mkinunua vitu vilivyotumika na kuviuza Instagram au kwenye makundi ya WhatsApp, leo ni zamu yenu. Tuongelee ile mashine ya kahawa yenye mpini mrefu, espresso ya kuvuta kwa mkono. Haina skrini wala vitufe vingi. Maji yanachemka, unanyanyua mpini, unaushusha taratibu, kahawa inatoka.

Watu wengi wakiikuta stoo wanaidharau, wanadhani ni kizee cha chuma. Kumbe ni mali. Achille Gaggia wa Milano, Italia, ndiye aliyetengeneza mashine ya espresso ya mpini mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1961 kampuni ya La Pavoni ikatoa Europiccola, ile ndogo ya nyumbani, ambayo umbo lake halijabadilika sana mpaka sasa. Ndiyo maana mteja anayezijua hajali sana umri. Swali lake ni moja tu: ndani kukoje?

Na ndani, kwa mashine iliyofanya kazi Matemwe, tegemea chokaa.

Upande wetu huu ardhi ni jiwe la matumbawe. Mvua ikinyesha, maji yanapita kwenye jiwe yakiliyeyusha kidogo kidogo, mpaka yanafika kisimani yamebeba jiwe ndani yake. Kwa macho huoni kitu, maji meupe kabisa. Yakichemka tu, jiwe linarudi kuwa jiwe. Chungulia birika lako la umeme utaliona lile ganda jeupe chini. Kimsingi ni jiwe lile lile ambalo wazee walilichoma kupata chokaa ya kujengea Mji Mkongwe. Na anayefua kwa maji ya kisima hahitaji kuambiwa, maana sabuni inagoma kutoa povu.

Kwenye birika ni kero tu. Kwenye mashine ya espresso ni hasara, na inaweza kuwa hatari. Chokaa inaivisha koili koti, joto linashindwa kutoka, koili inaungua. Inaziba kijitundu cha geji, geji ikawa inadanganya. Halafu kuna valvu ya usalama, na hapa nataka utulie. Boila ya mashine hizi hufanya kazi kwenye presha ya karibu bar 1, na maji ya ndani yanafika nyuzi joto 120 hivi. Presha ikizidi, valvu ndiyo inayoitoa nje. Ikiwa imegandishwa na chokaa, utakuwa umemuuzia mtu chungu cha presha kisicho na pa kupumulia, naye atakiweka jikoni kwake na watoto wanapita.

Kwa hiyo usinunue kwa kuangalia mng'ao. Soma kwanza kibati cha chini: iandikwe volti 220 hadi 240. Iliyoandikwa 110 au 120 ni ya soko la Marekani, ukiichomeka kwetu moja kwa moja unaichoma. Fungua kifuniko cha boila ikiwa ya baridi, mulika ndani kwa tochi ya simu. Ganda jembamba si tatizo. Ukiona mabonge, au koili imevimba chokaa mpaka umbo lake halionekani, shusha bei au achana nayo. Kisha tia maji, iwashe mbele ya mwenyewe, subiri geji ipande. Usiiwashe kavu hata kwa dakika moja, koili haitakusamehe.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta asidi ya sitriki, ule unga mweupe kama sukari, mkali kama ndimu. Uliza kwa wauzaji wa vitu vya keki. Siki inafanya kazi lakini harufu yake inang'ang'ania, mteja ataisikia kwenye kahawa. Ndimu zenyewe zina nyuzinyuzi na sukari, hizo ziache kwenye urojo.

Gramu 20 hadi 25 kwa lita moja ya maji zinatosha. Boila ya Europiccola ni ndogo, haifiki lita moja, kwa hiyo hutumii unga mwingi. Koroga mpaka iyeyuke, mimina, washa mpaka iwe ya moto wa kuvumilika, kisha zima na uchomoe kwenye umeme. Usiichemshe, sitriki kwenye moto mkali inaweza kuacha ganda lake jingine, ukawa umetoa moja umeleta la pili. Iache nusu saa. Utasikia inachacha, huko ndiko chokaa inakoondoka. Vuta mpini taratibu mara mbili tatu ili maji yapite njia ya kahawa, fungua na bomba la mvuke yapite huko pia. Yakitoka na rangi ya buluu au kijani, ni shaba inaanza kuliwa: mwaga, suuza. Ndiyo maana haifai kuiacha usiku kucha. Tone likidondokea nje kwenye nikeli, futa hapo hapo, linaacha doa. Kama boila ni ya alumini, fuata maelekezo ya mtengenezaji kwanza.

Suuza kwa maji safi mara nne, kila mara ukipitisha kwenye mpini na kwenye bomba la mvuke. Maji ya mwisho yaonje kwa ncha ya ulimi. Yakiwa bado na uchachu, rudia.

Jambo moja lisisahaulike: kifuniko cha boila hakifunguliwi kikiwa cha moto. Zima, toa mvuke wote kwa bomba lake, hakikisha geji imesoma sifuri, subiri ipoe. Mwambie na mteja maneno hayo hayo.

Ukimaliza, cheki sili za mpira kwenye pistoni. Mpini ukiwa mzito unakwaruza, au maji yanavuja pembeni, badilisha sili na upake kidogo grisi ya silikoni ya vyombo vya chakula. Usiweke grisi ya pikipiki, jamani.

Kwenye posti, acha maneno ya "ipo vizuri sana". Weka video fupi: geji inapanda, mvuke unatoka, mpini unashuka, kikombe kinajaa. Andika ilitolewa chokaa lini, sili mpya au za zamani, volti ngapi. Picha ya ndani ya boila kabla na baada inauza kuliko picha ya nje yenye maua pembeni, maana mteja anaona ulichofanya na haulizi kwa nini bei yako iko juu ya ya jirani.

Halafu muulize anatumia maji gani. Kama ni ya kisima, mwambie ayachemshe kwanza kwenye sufuria, ayaache yatulie, achuje. Sehemu kubwa ya chokaa inabaki chini. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni laini, na hakuna haja ya kuchemsha kwa ajili ya chokaa. Lakini maji ya kisima cha karibu na pwani yenye ladha ya chumvi hayafai hata yakichemshwa, kwa sababu chumvi haitoki na inakula chuma. Kwa mtu anayetumia maji magumu kila siku, kutoa chokaa kila baada ya miezi miwili au mitatu si kupitiliza.

Ikiwa inavuka kwa boti kwenda Dar, mwaga maji yote, acha ikauke siku nzima na kifuniko wazi, vua mkono wa kuwekea kahawa uufunge peke yake, na kioo cha kupimia maji kizungushie kitambaa kabla ya boksi. Na kama valvu ya usalama imegoma kabisa, hata baada ya sitriki, iposti kama spea, uandike wazi kuwa haifai kuwashwa.