Bahari Ndani ya Nyumba

Wengi wetu tukaao kando ya Tanganyika na Kivu tunajua sana maji ya ziwa, lakini maji ya bahari hatujayaonja kamwe. Hata hivyo, wako watu wakaao mbali kabisa na pwani ambao wameiingiza bahari ndani ya nyumba zao. Wameitia katika sanduku la kioo, nalo huitwa akwariamu. Na humo samaki na matumbawe huishi miaka mingi. Jambo hilo lilianzaje? Na mtu atakaye kulijaribu kwa mara ya kwanza afanye nini, ili asiue bure viumbe ambavyo havikuomba kutoka kwao?

Bibi mmoja wa London

Mwaka 1846 bibi mmoja jina lake Anna Thynne, aliyekaa London, alikwenda kupumzika Torquay, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza. Huko aliona matumbawe madogo yaliyo hai, akayapenda mno, akataka kurudi nayo nyumbani. Alichukua sindano na uzi, akayashona juu ya sifongo yasigongane njiani, kisha akayatia katika chombo chenye maji ya bahari.

Alipofika London alikutana na shida. Bahari ilikuwa mbali, na maji ya kubadilisha hayakuwa mengi. Ndipo alipomwagiza mtumishi wake wa kike ayamimine maji yale kutoka chombo hiki hata chombo kile, mbele ya dirisha lililo wazi, muda wa nusu saa au zaidi kila siku, ili yapate hewa safi. Kazi ya kuchosha kweli! Lakini matumbawe hayakufa. Mwaka 1847 bibi huyo aliongeza mwani wa bahari ndani ya chombo. Mwani ukipata mwanga wa jua hutoa oksijeni, yaani ile hewa ambayo wanyama huivuta. Hivyo matumbawe yaliishi kwake miaka, hata yakaongezeka, naye akayachungulia kila siku na kuandika aliyoyaona.

Miaka ile ile Robert Warington, mtaalamu wa kemia wa London, alijaribu jambo kama hilo kwa maji matamu. Alitia samaki wawili pamoja na majani ya majini. Majani yalipooza maji yakachafuka. Basi akaongeza konokono, nao wakayala yale yaliyooza, maji yakatakata tena. Mwaka 1850 akawaeleza wataalamu wenzake fundisho hili: katika maji kila kiumbe kina kazi yake, na kimoja kikikosekana wote hutaabika.

Mwaka 1853 akwariamu kubwa ilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu juu ya mambo hayo. Mara watu wengi wakashikwa na tamaa. Walikimbilia pwani na vikapu na nyundo, wakabandua kila kilichoshikamana na mwamba. Mwanawe Gosse, Edmund, aliandika mwaka 1907 kwa masikitiko kwamba pwani zile zilizopendeza alipokuwa mtoto zilikuwa zimeharibiwa. Baba alitaka watu waipende bahari. Nao kwa kuipenda vibaya wakaipokonya mali yake.

Jinsi ya kuanza

Leo hatuna haja ya kusafirisha maji toka pwani. Huuzwa chumvi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Msidhani kwamba chumvi ya jikoni yatosha: maji ya bahari yana pia magnesi, kalsiamu, potasiamu na vitu vingine vingi ambavyo viumbe vyake havina budi kuvipata. Katika kilo moja ya maji ya bahari mna gramu 35 hivi za chumvi hizo zote pamoja. Maji ya kuchanganyia yawe yamechujwa sana, kwani dawa itiwayo katika maji ya bomba hudhuru samaki. Maji na chumvi vichanganywe katika chombo cha pembeni, vikorogwe kwa pampu siku nzima, kisha vipimwe. Joto liwe kati ya digrii 24 na 26.

Tangi liwe la ukubwa gani? Mwanafunzi wa kazi hii hufikiri kwamba dogo ni rahisi zaidi. Sivyo. Katika maji machache kosa dogo huwa kubwa upesi. Katika lita 200 hivi huwa na nafasi ya kusahihishwa. Lakini mjue kwamba tangi la namna hiyo, pamoja na mawe na mchanga wake, hupita kilo 200. Meza dhaifu haifai.

Sasa twafika penye siri ya kazi yote. Samaki hutoa uchafu, na chakula kisicholiwa huoza. Katika vyote viwili hutoka amonia, nayo ni sumu. Baharini wako bakteria, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo huigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, lakini bakteria wengine huigeuza kuwa nitrati, ambayo haidhuru upesi. Katika tangi jipya bakteria hao ni haba mno. Hukaa juu ya mawe na mchanga, nao huongezeka polepole. Yafaa kungoja majuma 4 hata 6, au zaidi, mkipima maji mara kwa mara, mpaka amonia na nitriti zisionekane tena.

Hapo ndipo wengi huanguka. Tangi limejaa, maji yang'aa kama kioo, watoto wauliza, “Baba, samaki wako wapi?” Baba huona haya, huenda kununua samaki kumi siku ile ile. Baada ya juma moja wote huelea tumbo juu. Macho yalisema maji ni safi, kumbe yalikuwa sumu. Haraka haraka haina baraka.

Maji yakiisha kuwa tayari, anzeni na samaki mmoja au wawili wadogo wenye nguvu. Wapeni chakula kidogo, mngoje majuma machache, ndipo muongeze wengine. Maji yakipungua kwa kukauka, ongezeni maji matamu, si ya chumvi, kwani maji hupaa na chumvi hubaki. Kila juma la pili badilisheni sehemu ya kumi ya maji kwa maji mapya ya chumvi, ili nitrati isizidi. Na umeme ukikatika, jambo tulijualo sana katika miji yetu, pampu husimama na hewa ndani ya maji hupungua. Basi mkumbukeni mtumishi wa Bibi Thynne: chukueni kikombe, mchote maji na kuyamimina tena toka juu, tena na tena, mpaka umeme urudi.

Deni letu kwa bahari

Kabla ya kununua, mwulizeni muuzaji samaki wake ametoka wapi. Huko Ufilipino, tangu miaka ya 1960, wako wavuvi waliomwaga sumu ya sianidi kati ya matumbawe ili samaki walewe na kukamatwa kwa urahisi. Sumu hiyo huua na matumbawe yenyewe. Afadhali kununua wale waliozaliwa katika matangi. Yule samaki mdogo wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe, akaaye kati ya mikono ya anemoni, huzalishwa hivyo kwa wingi.

Tena, mkichoka kumfuga samaki msimtupe katika maji yasiyo ya kwao. Samaki mmoja wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, mwenye miiba ya sumu, alionekana Florida mwaka 1985. Yasadikiwa kwamba alitoka katika matangi ya watu. Leo jamii yake imeenea katika bahari ya Karibi, nayo yala samaki wachanga wa huko kwa wingi.

Nanyi wanafunzi msio na fedha za tangi wala chumvi, msivunjike moyo. Chukueni chupa kubwa ya kioo, maji ya kijito, majani ya majini na konokono wawili; iwekeni karibu na dirisha, lakini si penye jua kali. Msitie samaki. Tazameni kila siku na kuandika mliyoyaona, kama alivyofanya bibi yule. Majani yakinawiri na konokono wakitaga, mmefaulu. Wakifa, tafuteni sababu kabla ya kwenda kuchota maji mengine.